Mkunga Anajibu: Daftari la Mtoto Ambaye Hakulia

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya lishe na chanjo. Nimepokea barua tatu zinazogusa jambo moja, na ukurasa wote nimezipa hizo. Ya kwanza ni ndefu na sikutaka kuikata. Nilichoondoa ni majina ya watu na la hospitali tu.

Barua ya kwanza

Shikamoo Bibi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza, nina miaka 27. Mwezi wa nne nilijifungua mtoto wa kiume, mimba ikiwa na wiki 37. Alizaliwa amekwisha kufa. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza.

Siku mbili kabla alipunguza kucheza. Majirani wakaniambia mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, anajipanga. Nilipokwenda hospitali walinipima mapigo, wakarudia, akaitwa mwingine, kisha wakanipeleka utrasaundi. Hakuna aliyesema neno mpaka nilipouliza mwenyewe. Wakanianzishia uchungu, nikajifungua usiku wa kuamkia Ijumaa. Muuguzi mmoja akaniuliza kama nataka kumwona, nikasema ndiyo. Nilimshika kidogo. Alikuwa na nywele nyingi na kucha ndefu, na sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja kwa juu kama la baba yake. Alikuwa na kilo 2.9.

Mama mkwe na mashangazi wa mume wangu walimchukua wakamwosha. Alivishwa sanda, wakamfunika kipande kimoja cha doti ya kanga niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya arobaini yake. Wanaume wakaenda kuzika. Matanga hayakuwapo. Mimi nilibaki kitandani, na siku ya tatu maziwa yakaja. Blauzi ilikuwa inalowa mbele ya wageni, na mimi sina wa kumnyonyesha.

Tangu hapo hakuna anayemtaja. Mume wangu ni mtu mwema, lakini nikianza kuzungumza anatoka kwenda kuangalia pikipiki. Mama mkwe anasema, "Usilie sana, utafunga kizazi." Wengine wananiambia bado mdogo, utapata mwingine. Kazini kuna aliyeniuliza likizo ilikuwaje.

Mwezi wa sita nilichukua kaunta buku lililobaki la maandalio ya somo nikaanza kumwandikia. Huwa naandika mwisho wa wiki, naanza na "Mwanangu". Namweleza habari za mvua, za darasa langu la tatu, za baba yake alivyopaka rangi kile chumba. Nikimaliza nalia, halafu usiku ule nalala vizuri. Juzi mama mkwe akalikuta. Si msomaji sana lakini alielewa. Alikasirika, akasema namwita maiti, kwamba mtoto hatapumzika na mwenzake hatakuja. Alitaka lichomwe. Mume wangu amelificha, hajaniambia ni wapi, ila ameniapia kwamba hajalichoma.

Bibi, je, ni vibaya kumwandikia? Nitakuwa narudisha nyuma kupona kwangu? Hakupewa jina, naweza kumpa sasa? Ile kanga iliyobaki niifanye nini? Na nikiulizwa nina watoto wangapi nijibu nini?

Mwalimu, Muheza

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mwanao.

Nianze na lile sikio. Wote waliokwambia utapata mwingine hawakuliona. Atakayekuja, Mungu akijaalia, atakuja na masikio yake mwenyewe. Huyu mwenye sikio la kushoto lililojikunja alikuja mara moja, ukamshika, akaenda. Huyo ndiye unayemlilia na ndiye unayemwandikia, na mimi nakwambia kwa moyo wangu wote: endelea kumwandikia. Mwambie mumeo akurudishie daftari.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi tangu usichana wangu mpaka kustaafu. Zamani, katika wodi nyingi, mtoto akizaliwa amekufa alifunikwa akaondolewa kabla mama hajageuza shingo. Iliaminika kwamba asichokiona hakitamuuma. Siku hizi wakunga wanafundishwa vingine: mama aulizwe, akitaka kumwona apewe nafasi na utulivu, asipotaka asilazimishwe. Yule muuguzi aliyekuuliza alikutendea jambo kubwa, na ukipata nafasi ya kupita pale tena, mtafute umshukuru. Akina mama wa zamani hawakuulizwa. Nimekutana nao kliniki, wanasindikiza wajukuu, vichwa vyeupe kwa mvi, na mmoja anakushika mkono pembeni anakueleza mtoto wa mwaka fulani ambaye hakuonyeshwa. Hata kama alikuwa wa kike au wa kiume aliambiwa tu.

Kwa hiyo namfikiria mama mkwe wako. Usimwekee kinyongo. Kwetu, katika makabila mengi, mtoto wa namna hii huzikwa kimya, bila matanga, na mzazi hukatazwa kulia kwa kuogopa kwamba tumbo halitapokea tena. Walioyaweka hayo walikuwa wanamlinda mzazi kwa kadiri ya walivyojua. Ila kizazi hakifungwi na machozi wala na wino. Kinachoweza kukiharibu ni maambukizi baada ya kujifungua yakiachwa bila tiba, na hayo yana dawa. Siku mkiwa wawili tu, labda mnachambua mchicha, muulize: "Mama, na wewe liliwahi kukupata?" Ukishauliza, nyamaza, mwache. Sitashangaa akikueleza jambo ambalo hata mumeo hajapata kulisikia. Na yeye ndiye aliyemwosha mwanao. Anajua vitu juu ya mwili wa mtoto yule ambavyo wewe huvijui na ungependa kuviandika.

Sasa hili la kurudisha nyuma kupona. Limewahi kuchunguzwa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Waliwaandikisha dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi walipewa mambo ya kawaida ya kuandika, wengine jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Walioandika kilichotokea pamoja na walivyojisikia waliinuka wakiwa na huzuni zaidi siku ileile, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefanywa baada ya ule, matokeo hayafanani yote, na faida yenyewe mara nyingi ni ya kiasi. Kwa hiyo sikwambii daftari litakuponya peke yake. Nakwambia kwamba kulia ukimaliza kuandika si dalili ya kurudi nyuma. Na wewe tayari unalala.

Kuna kitu kwenye barua yako, mwanangu, nimekisoma mara mbili. Unamweleza mtoto habari za mvua na za darasa la tatu, vizuri kabisa. Lakini usiku ule wa kuamkia Ijumaa umeupitisha kwa mstari mmoja. Sidhani kama umo ndani ya daftari. Ukiwa tayari, uandike. Chumba kilikuwaje, nani alikuwa karibu na kichwa chako, waliongea nini walipodhani husikii, ulitaka kusema nini ukakimeza. Usiumalize kwa mkupuo mmoja. Kaa robo saa, mchana, nyumbani kukiwa na mtu, kisha funga daftari, nawa uso, shika kazi ya mikono. Mikono ikianza kutetemeka au kifua kikibana, acha hapo, rudi kwenye mvua. Usiku ule utakusubiri.

Halafu andika maisha yake. Mwanao aliishi wiki 37, na wewe ndiye pekee uliyekaa naye muda wote huo. Alianza kucheza ukiwa wapi? Wako watoto wanaorukaruka mama akinywa kitu kitamu, wako wanaoamka na adhana ya alfajiri, wako wanaopata kwikwi usiku mama anahesabu mpaka analala. Aliwahi kukukatisha ukiwa ubaoni, chaki mkononi, ukashika meza? Darasa la tatu waliona? Mambo haya hayajulikani na mtu mwingine yeyote duniani, na miaka kumi ijayo utakuwa umesahau nusu yake usipoyaandika mwaka huu. Ningekuwa na uwezo wa kukushika mkono uandike kitu kimoja tu, ni hiki.

Tafuta na karatasi. Kadi yako ya kliniki, ile ya RCH 4, usiitupe. Kila hudhurio lina tarehe, uzito wako, presha, kimo cha mimba, mapigo ya moyo wake. Mapigo yale ni yake, yalisikiwa na mtu mwingine zaidi yako, na mtu huyo akayaandika kwa kalamu. Kama ulipewa picha ya utrasaundi, itoe nakala mapema kwa sababu karatasi zile hufifia. Ubandike nakala kwenye daftari.

Nije kwenye zile siku mbili, maana hukuniuliza lakini najua ndizo zinazokuamsha. Nitasema kwanza kwa wasomaji wajawazito: mtoto akipunguza kucheza, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama ulipimwa jana. Mtoto aliyekaribia kuzaliwa hubadili namna ya kucheza kwa sababu nafasi imepungua, lakini hapaswi kunyamaza. Sasa wewe, mwalimu. Ulifuata ulichoambiwa na watu wazima uliowaamini. Nani leo anaweza kuapa kwamba ungekwenda mapema mtoto angepona? Mimi siwezi, na nimeshika matumbo mengi. Watoto huondoka kwa presha ya mama kupanda na kifafa cha mimba, kwa kondo kuachia kabla ya wakati, kwa kaswende isiyotibiwa, malaria, kisukari, mtoto kudumaa tumboni, uchungu kuchukua muda mrefu mno. Na wengine, hata kwenye hospitali kubwa zenye vipimo vyote, sababu haipatikani. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watoto wapatao milioni 1.9 duniani huzaliwa wamekufa kila mwaka, wakihesabiwa waliofikisha wiki 28 na kuendelea, na zaidi ya 4 katika kila 10 hufa uchungu ukiwa umeshaanza. Wengi wa hao wa mwisho wangeokolewa kwa huduma ya haraka, na hilo ni deni la hospitali na serikali. Usijibebeshe wewe. Kama hukuelezwa sababu, rudi ukaulize, ukiwa na mumeo. Uliza: mlipima presha, mlipima kaswende, kondo lilionekanaje, kitovu kilikuwaje. Andika majibu humohumo kwenye daftari, maana utayahitaji mimba ijayo.

Jina. Mimi si shehe, na kwa mambo ya hukumu umwendee wa mtaani kwenu. Ninachojua kutokana na kulelewa humuhumu pwani ni kwamba kwa Shafi, madhehebu ya wengi wetu, mtoto aliyepita miezi minne tumboni akizaliwa mfu huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, kama alivyofanyiwa wako, na kumpa jina ni jambo jema lililopendekezwa. Hakuna tarehe ya mwisho ya kumpa. Kaa na mumeo, kama hamjaafikiana mngoje, mkiafikiana liandike ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wako wa ubaoni. Na kama mama mkwe bado ana hofu, mkumbushe hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Musa, kwamba mja akifiwa na mtoto akamhimidi Mungu, Mwenyezi Mungu huwaamuru malaika wamjengee nyumba peponi iitwayo Nyumba ya Sifa. Nyumba hiyo inajengwa kwa sababu ya mtoto aliyekufa. Kumkumbuka hakuwezi kuwa kumsumbua.

Kanga. Usiifungie sandukuni kwa kuiogopa. Nyie walimu mnajua kujalidi vitabu. Kata upande mmoja wa pindo ujalidi daftari lake, kilichobaki kivae. Usimwekee mtoto ajaye. Huyo anunuliwe doti yake mpya.

Watoto wangapi? Kwenye daladala au dukani jibu unavyotaka, hata "bado" si dhambi, huna deni la siri yako kwa abiria. Kwa watu unaowapenda sema, "Nilijaliwa mmoja, ametangulia," na uwaache wahangaike wenyewe na jibu hilo. Kliniki ni lazima useme ukweli wote. Kadi ya mimba ijayo itauliza mimba ya ngapi, umezaa mara ngapi, walio hai wangapi. Utaandikiwa ya pili, mara moja, hakuna. Ile "mara moja" ni yeye. Kitabu cha MTUHA cha wodi ile, kile cha kuandikia takwimu za hospitali, nacho kina mstari wake, jinsia yake na zile kilo 2.9. Ukoo ulipomzika kimya, hospitali ilimhesabu, na itaendelea kumhesabu kila ukizaa.

Unapofikiria mimba nyingine, zungumza na daktari kabla, kisha anza kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, na hudhurio la kwanza waeleze yote. Jifungulie penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa.

La mwisho kwako. Huzuni ina nafasi yake, lakini sonona ni ugonjwa. Ukiona wiki mbili zinapita huli, hulali, huoni sababu ya kuamka, unajiona hufai, au fikra za kujidhuru zinakujia, usiandike. Nenda hospitali siku hiyo, na umwambie mumeo kwa maneno mafupi. Sonona ya baada ya kujifungua huwapata hata waliorudi nyumbani mikono mitupu, na inatibika.

Na wewe ni mzazi. Ulizaa. Natumaini kuna aliyekukanda kwa maji ya moto na kukupa uji wa pilipili manga. Kama hakuna, mama mkwe alikosa lile la kwanza lililokuwa kazi yake, na unaweza kumwambia hivyo nikiwa nyuma yako.

Barua ya pili

Bibi, shikamoo. Mimi ni fundi seremala, Njombe. Mke wangu alijifungua mtoto wa kike aliyekufa mwaka jana. Watu wote waliniambia "mtie moyo mkeo". Hakuna aliyeniuliza mimi. Sanduku nililitengeneza mwenyewe usiku, kwa mbao za paini zilizobaki kwenye kitanda cha mteja, nikalipiga randa mpaka likalainika, sijui lilainike kwa ajili ya nani. Mke wangu huandika barua kwa mtoto na kanisani wamemsifu. Mimi shule niliachia la saba, kuandika kwangu ni vipimo tu. Nikikaa kwenye benchi saa nyingine nashindwa kushika msumeno. Nifanyeje?

Fundi

Jibu

Marahaba baba. Pole kwa kufiwa na binti yako.

Andika vipimo. Sisemi kwa mfano. Chukua kile kitabu chako cha oda za wateja, fungua ukurasa mtupu, andika: sanduku, paini, urefu futi kadhaa, upana, kina, unene wa ubao, misumari ya inchi ngapi, uliunga pembe kwa namna gani, kifuniko kilifungwaje. Andika saa uliyoanza na nani alikushikia taa. Ukifika hapo kalamu yenyewe itakwenda mbele au itasimama, na vyote viwili ni sawa. Umenieleza kwamba ulilipiga randa mpaka likalainika. Baba gani amemwandikia mwanawe barua nzuri kuliko hiyo? Lilainike kwa ajili yake. Ungemtengenezea kitanda, ungekilainisha vilevile asichomwe na kibanzi.

Ukishaandika, mwonyeshe mkeo. Wanawake wengi hudhani mume amesahau kwa sababu hasemi, na wanaume wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchokonoa jeraha la mke. Nyumba moja, wafiwa wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake na kitu ambacho wote wanakijua. Yule mume wa Muheza anayekimbilia pikipiki nadhani ni mwenzako, na kuficha daftari badala ya kulichoma ni barua yake ya kwanza, ingawa hajui.

Kwa upande wa kanisa, kama ninyi ni Wakatoliki na kuna aliyewatia hofu kwa sababu mtoto hakubatizwa, muulizeni padri. Katekisimu yenu inasema Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia huko Vatikani ilitoa waraka mzima juu ya tumaini la wokovu wao.

Msumeno ukikataa kushikika, pumzika siku hiyo. Ukikataa wiki nzima, nenda kamwone daktari. Sonona haichagui jinsia, na kwa wanaume mara nyingi hujificha ndani ya pombe na hasira.

Barua ya tatu

Bibi, wifi yangu hapa Dodoma amejifungua mtoto mfu wiki iliyopita. Kesho nakwenda kumwona. Nimesoma kwamba kuna siku yake duniani, Oktoba 15. Naogopa kukosea. Niseme nini?

Wifi mwenye hofu

Jibu

Sema "Pole wifi, pole kwa mtoto," halafu kaa. Ukitaka kuuliza, uliza kama wamempa jina, na ukiambiwa litumie. Maneno ya "ni mpango wa Mungu", "afadhali hukumzoea", "bado mdogo" yaache nyumbani hata kama unayaamini. Nguo za mtoto usizitoe ndani bila ruhusa yake. Wengi hufanya hivyo kwa wema, naye akirudi kutoka kuoga anakuta begi halipo, anafiwa upya.

Maziwa yake yatakuwa yameshakuja au yanakuja. Mwambie asiyakamue yote maana mwili utatengeneza mengine. Akikamua, akamue kidogo tu maumivu yapungue, avae sidiria inayoshika vizuri isiyobana, aweke kitambaa cha maji baridi, anywe panadoli. Titi likiwa jekundu na homa ikapanda, hospitali. Akitokwa na damu nyingi, mabonge, au harufu mbaya, hospitali haraka.

Oktoba 15, ndiyo, ni siku ya kuwakumbuka watoto waliopotea tumboni na wachanga. Rais Reagan wa Marekani aliutangaza mwezi mzima wa Oktoba kwa jambo hili mwaka 1988, na siku hizi familia katika nchi nyingi huwasha mshumaa saa moja jioni tarehe 15. Ni jambo zuri. Ila tarehe utakayomkumbuka nayo wifi yako ni ile aliyojifungua, na ile aliyotarajiwa kujifungua kama hazifanani. Ziandike zote mbili kwenye kalenda yako ya ukutani, umpigie simu. Kama ana hamu ya kuandika, mpelekee daftari. Usiombe kulisoma.

Na wiki ya sita atatakiwa kurudi kliniki kuangaliwa. Wengi huiruka kwa kuogopa benchi lile, wazazi wenzake wamepakata. Nenda siku moja kabla umwone muuguzi mfawidhi, mweleze hali, umwombe aonwe mchana foleni ikishapungua au kwa mlango mwingine. Sehemu nyingi wanakubali wakielezwa. Kisha msindikize, ubebe wewe ile kadi.